Ziara ya Mgeni Asiye na Rubani

Nchi hii haimo kwenye ramani. Wachora ramani walipoikaribia umeme ulikatika, na mshumaa ulipopatikana walikuwa wameshaanza kuchora nchi inayofuata. Wananchi wake hawakununa, wamezoea. Ukimuuliza mmoja wao umeme utarudi saa ngapi, atakujibu kwa upole kabisa, "Ukirudi," kisha ataendelea kupuliza makaa ya pasi.

Njia kuu ya umeme ya nchi hiyo ina urefu wa kilomita mia mbili na nne. Inaanzia makao makuu ya Shirika la Umeme, ambako viyoyozi havijawahi kuzimika, inapita vijijini na kuishia bwawani. Kwenye kilomita ya sabini na moja, ndani ya ua wa zahanati ya Mlowoka, ilisimama nguzo ya mti iliyoandikwa namba 714. Ukuta wa zahanati ulijengwa kwa saruji ya kukisia, na kila ukiupiga msumari unamwagika. Kwa hiyo mizani ya kupimia watoto ilining'inizwa kwenye nguzo. Kila Alhamisi watoto wa Mlowoka walivalishwa kile kikaptula cha mizani, wakatundikwa mmoja mmoja kwenye nguzo 714, wakalia, wakaandikwa kilo zao, wakashushwa.

Asnati alikuwa fundi wa laini hapo Mlowoka. Umeme aliusoma madarasa ya jioni kwa miaka minne, mwaka wa mwisho akiwa amelaza daftari juu ya tumbo la mimba, na mtoto akipiga teke mwandiko unapinda. Mtoto huyo alizaliwa, akaitwa Tulizo, na sasa alikuwa na miezi minane. Alhamisi moja, Tulizo akiwa anabembea kwenye mizani, Asnati aliinama kuokota kofia ya njano ya mwanawe iliyodondoka. Akaona kitako cha nguzo. Mchwa walikuwa wamekula upande mmoja, wakapumzika, wakaendelea na wa pili.

"Dada Yusta," alimwita muuguzi, huku akimtoa mwanawe kwenye kikaptula. "Hii nguzo imeoza. Hamisha mizani leo hii."

"Naijua, mdogo wangu," alisema Yusta. "Niliomba mizani ihamishwe tangu mwaka juzi. Wilayani wakaniambia mizani haihami bila barua ya Shirika kwamba nguzo ni mbovu. Wewe si ndiye Shirika? Nipe barua."

Ikaonekana ni jambo la siku mbili.

Asnati aliandika taarifa ya kwanza, haikujibiwa. Aliandika ya pili, akajibiwa kwamba ya kwanza haikuonekana. Ya tatu ilirudi na majibu kamili, yenye mihuri miwili:

"Shirika linakushukuru kwa macho yako. Hata hivyo, ukaguzi wa macho umesitishwa kuanzia leo kupisha ukaguzi wa droni. Kuanzia sasa nguzo itahesabiwa mbovu endapo tu imeonwa na droni. Tafadhali tunza macho yako hadi utakapoelekezwa vinginevyo."

Mwingine angeichana barua hiyo. Asnati aliisoma mara mbili, akafurahi. Droni, alijiambia, haina shemeji makao makuu. Haiombwi na mtu ifumbe jicho. Ikipita juu ya 714 itaona kile alichokiona yeye, na kwa kuwa imeletwa kutoka nje, itaaminika.

Akaomba kwenda kwenye mafunzo ya kuirusha. Waliokwenda walikuwa arobaini, na thelathini na tisa kati yao walitoka familia zinazojulikana. Walifeli wote thelathini na tisa, kwa sababu mtihani ulikuwa na maswali. Ndivyo fundi wa Mlowoka alivyojikuta rubani pekee wa ndege isiyo na rubani.

*

Kikao cha maandalizi kilifanyika makao makuu, ghorofa ya sita. Kiliongozwa na Mkurugenzi Mkuu, Mhandisi Daktari Teofili Kwangaja, mtu aliyekuwa na shahada nyingi kiasi kwamba alipotajwa jina watu walipata muda wa kukohoa. Kulikuwa na Kamati Ndogo ya Chakula, Kamati Ndogo ya Nyimbo, Kamati Ndogo ya Hema na Kamati Ndogo ya Kuratibu Kamati Ndogo. Kamati ya nguzo haikuwepo. Asnati alitazama chini ya ajenda, akadhani imeandikwa nyuma ya karatasi. Nyuma palikuwa peupe.

"Droni hii," alisema Mkurugenzi, "ina uwezo wa kuruka kilomita mia mbili na ushee bila anayeirusha kuiona. Mnanielewa? Haionekani, lakini inaona! Nchi jirani wanazo droni zinazoonekana. Sisi tumewapita."

Makofi yakapigwa.

Aliyenyanyua mkono alikuwa Bwana Mtawali, Mkuu wa Itifaki, bwana mwembamba aliyevaa tai hata siku ya usafi. Alisoma kanuni: mali ya umma isiachwe mahali popote bila kuonwa na mtumishi. Droni ni mali ya umma. Ikiruka bila kuonwa, je, nani atathibitisha kwamba iliruka?

Hilo halikuwa limefikiriwa na waliotengeneza droni, watu wa mbali wasiojua kanuni.

Ufumbuzi ulipatikana kabla ya chai. Kila nusu kilomita atawekwa Shahidi wa Macho, ameketi kwenye kiti, mwenye kofia na fomu. Wangekuwa mashahidi mia nne na wanane, kutoka makao makuu hadi bwawani. Hivyo droni inayoruka mbali pasipo kuonwa ingeonwa njia nzima. Aliteuliwa pia dereva wa droni, kwa kuwa chombo cha umma hakitoki getini bila dereva, akakabidhiwa daftari la safari na kitambaa cha kufutia kioo.

Asnati alinyanyua mkono hadi ukamuuma. Mwishowe akaonekana.

"Samahani, Mkurugenzi. Hao mashahidi mia nne watakaa chini ya nguzo. Kwa nini wasiangalie na nguzo zenyewe? Fomu iongezwe safu moja tu: nguzo ni nzima au mbovu."

Mkurugenzi alimtazama kwa huruma ya baba.

"Binti, unaitwa nani?"

"Asnati, bosi."

"Asnati, mgeni akija kwako nyumbani unamkaribisha wapi?"

"Sebuleni."

"Humpeleki uani, penye masufuria machafu?"

"Lakini huyu si mgeni, bosi. Huyu ni mkaguzi."

"Aaa!" Mkurugenzi aligeukia kikao, akatandaza mikono. "Mnamsikia? Mkaguzi ndiye mgeni mkubwa kuliko wote! Kwa hiyo nguzo zisafishwe kwanza, ndipo zikaguliwe. Mheshimiwa Waziri atakuwa anatazama kwenye skrini. Mnataka aone nini, mchwa?"

"Ndiyo," alisema Asnati, ila kwa sauti ndogo, na katibu aliandika kwenye muhtasari kwamba mjumbe kutoka Mlowoka aliunga mkono.

*

Wiki moja kabla ya siku ya kuruka, gari la Shirika lilisimama mbele ya zahanati ya Mlowoka na ngazi ndefu juu yake. Asnati aliliona kutoka mbali. Alikimbia na Tulizo mgongoni, kandambili moja ikabaki njiani.

"Mmekuja! Jamani, mmekuja kweli! Nguzo mpya iko wapi?"

"Nguzo mpya ya nini?" aliuliza fundi aliyekuwa ameshapanda hadi juu. Alikuwa na kopo la rangi. "Sisi tumetumwa kupaka rangi vichwa."

"Vichwa?"

"Vichwa vya nguzo. Droni si inatazama kutoka juu, dada? Basi juu ndiyo panapakwa. Chini hakuna anayepaangalia."

Akakipaka kichwa cha 714 rangi nyeupe, akazungushia mstari wa kijani, akashuka taratibu, maana kila alipokanyaga nguzo iliitikia. Alipofika chini alimnong'oneza Asnati, "Hii imeoza lakini."

"Si uandike!"

"Kwenye karatasi yangu kuna 'imepakwa' na 'haijapakwa'. Nitaandika imepakwa."

Walipomaliza walifunga kitambaa, na si kitambaa cha mchezo. Kilikuwa na urefu wa mita kumi na mbili, kimeshonwa na Kamati Ndogo ya Hema, kimeandikwa KARIBU DRONI JISIKIE NYUMBANI. Upande mmoja walifunga kwenye mti wa mwarobaini, upande wa pili juu ya nguzo 714. Upepo mdogo ulipopita, kitambaa kilijaa na nguzo ikalalama.

Kisha akaja Bwana Mtawali mwenyewe, amekunja suruali asichafuke, akatangaza heshima ambayo Mlowoka ilikuwa imetunukiwa. Kati ya vituo vyote vya njiani, Mlowoka ingekuwa Kituo cha Shangwe. Siku ya kuruka ni Alhamisi, siku ya kliniki, kwa hiyo akina mama wote wa tarafa wakusanyike hapa na watoto wao, wakae katikati ya ua, karibu na nguzo iwezekanavyo ili waenee kwenye picha. Wapunge leso. Na watoto waendelee kupimwa, Waziri aone huduma zinatolewa.

"Bwana Mtawali," alisema Asnati, "nguzo hii itaanguka."

"Ulishaandikiwa barua kuhusu macho yako, mama."

"Njoo uone. Hatua tatu tu. Shika hapa kwa kidole."

Bwana Mtawali aliweka mikono mifukoni, yote miwili. "Nikiona," alisema, safari hii bila sauti ya mkutano, "itabidi niandike. Nikiandika, Mkurugenzi atauliza kwa nini niliangalia. Nina watoto watatu, mama Tulizo. Wewe rusha droni yako vizuri. Ikiona yenyewe, hakuna wa kulaumiwa."

Ilikuwa mara ya kwanza mtu wa makao makuu kumwita kwa jina la mwanawe, na Asnati hakujua ashukuru au alie. Alimgeukia Mwalimu Lupogo, mwalimu mstaafu aliyeteuliwa Shahidi wa Macho wa hapo, ambaye alikuwa ameshaketi kwenye kiti chake wiki nzima kabla, anazoea. Kiti kilikuwa kimeegemea nguzo.

"Mwalimu, shikamoo."

"Marahaba, Asnati."

"Mwalimu, hiyo nguzo unayoegemea unaionaje?"

"Siioni," alijibu Mwalimu Lupogo, akamwonyesha fomu. "Hapa nimeulizwa: Je, droni imeonekana? Ndiyo, hapana. Nimefundisha miaka thelathini na nne, binti yangu. Mtihani unajibu ulichoulizwa."

*

Alhamisi ilifika na mawingu. Makao makuu palikuwa na hema la watu mia sita na skrini kubwa kama ukuta wa ghala. Ili skrini iwake, na feni za hema zizunguke, na friji za soda zisipungue baridi, umeme wa njia nzima ulikatwa tangu asubuhi ukaelekezwa hapo. Vijijini walifikiri ni siku ya kawaida.

Tulizo alibaki Mlowoka na bibi yake. Asnati alikuwa amemkataza mama yake kwenda zahanati, amemkataza kwa kupiga magoti. Lakini asubuhi ile mtendaji alipita nyumba kwa nyumba akiwa na orodha, na mama alimpigia simu akinong'ona: "Wanasema asiyekwenda kushangilia kadi yake ya kliniki itafungwa. Nitakaa nyuma kabisa, usiogope." Asnati alikuwa ameshika rimoti mkononi. Maziwa yalimshuka, yakalowesha sare.

Mheshimiwa Waziri wa Nishati, Mwanga na Mambo Yanayoonekana kwa Mwanga alisimama.

"Ndugu wananchi! Zamani tulikuwa tunazitazama nguzo kwa kuinua shingo, kama watumwa. Leo nguzo zinatazamwa kwa kuinamiwa! Hii ndiyo maana ya uhuru. Na kwa teknolojia hii, nimeambiwa na wataalamu, droni imefungwa kipaza sauti. Nitawasalimia wananchi wa mbali pasipo mimi kwenda mbali. Mnajua mara ya mwisho kiongozi kuwafikia watu wa kilomita ya tisini bila kupata vumbi ilikuwa lini?"

Hakuna aliyejua. Dereva alifuta kioo cha droni, akaandika kwenye daftari "safari imeanza", na Asnati akairusha.

Agizo lilikuwa iruke mita mia tatu juu. Kwa umbali huo njia ya umeme ilionekana kama uzi ulioangukia zulia. Kila nusu kilomita kidoa cheupe, kofia ya shahidi. Kilomita ya kumi, ya thelathini, ya hamsini.

"Nzuri sana," alisema Waziri. "Ila mbona sizioni nguzo?"

"Hilo ndilo jambo la kujivunia, Mheshimiwa," alisema Mkurugenzi. "Nguzo yenye matatizo ndiyo huonekana."

Kilomita ya sabini. Asnati aliuona ua wa zahanati ukiwa umejaa vidoa vya kanga. Akaona pia vumbi likikimbia barabarani, upepo ule unaotangulia mvua, na kitambaa cha KARIBU DRONI kimevimba kama shavu. Hakuwaza barua wala mihuri. Alisukuma kijiti chini.

Skrini ilikua. Mita mia mbili, mia, hamsini. Watu wa hemani walisema "Ooo!" kwa mpigo, maana sasa nyuso zilionekana. Kichwa cha nguzo, cheupe na kijani, kilikuwa kinakwenda kushoto na kurudi. Chini yake mama mia mbili walipunga leso. Na kwenye mizani, ndani ya kikaptula, akiwa amekunja uso kabla ya kulia, alining'inia mtoto mwenye kofia ya njano.

Foleni ilikuwa imefika kwa Tulizo.

Asnati alinyakua maikrofoni mbele ya Waziri. "Mama zangu!" alipiga kelele. "Tokeni chini ya nguzo! Tokeni! Inaanguka!"

Kilomita sabini na moja mbali, mbingu ilizungumza. Akina mama walisikia kuna sauti, na waliambiwa wiki nzima kwamba kutakuwa na salamu. Wakapiga vigelegele. Kadiri alivyozidi kupiga kelele, ndivyo walivyozidi kushangilia. Mama yake mwenyewe alikuwa amebana mfuko wa nepi kwapani, anapunga mkono wa pili.

"Anasalimia vizuri huyu dada," alisema Waziri. "Ana hisia."

"Ndege iinuliwe!" alifoka Mkurugenzi. "Asnati! Inua!"

Asnati aliishusha. Mita ishirini, kumi, tano. Aliifikisha usawa wa mabega, akaizungusha, na mapanga yake manne yakapiga ule mvumo ambao mtoto yeyote wa Mlowoka ameufundishwa kabla ya kujua kuhesabu.

"Nyuki!" alipiga ukelele mama mmoja. "Nyukiii!"

Hapo hakuna aliyesubiri maelekezo. Kanga zilifunika vichwa, watoto walibebwa wa kwao na wasio wa kwao, viatu vikaachwa, mageti yote mawili ya zahanati yakawa membamba. Yusta alikuwa ameshafika mlangoni. Alirudi, akamchomoa Tulizo kwenye kikaptula kama anayechomoa muhogo, akakimbia naye amemkumbatia kichwa chini. Mwalimu Lupogo aliinuka, akaweka alama kwenye "Ndiyo", ndipo akakimbia.

Kikaptula kilibaki kinabembea peke yake. Kikabembea mara ya tatu, ya nne, upepo ukajaza kitambaa, na nguzo 714 ikaanguka kwa urefu wake wote katikati ya ua, pale pale palipopangwa wananchi waenee kwenye picha. Waya zilidondoka juu ya mabenchi. Hazikuwa na umeme. Umeme wote ulikuwa hemani, unapoza soda.

Waziri alimwinamia Bwana Mtawali.

"Hii ipo kwenye ratiba?"

Bwana Mtawali alifunua ratiba. "Ndiyo, Mheshimiwa. Ni... onyesho la uokoaji."

Waziri akapiga makofi, na hema likamfuata. Asnati alikaa chini kwenye nyasi na rimoti mapajani, akalia kwa sauti, wala hakuna aliyemwuliza kwa nini.

*

Iliundwa tume. Ilikuwa na wajumbe kumi na mmoja na ilifanya kazi miezi mitatu. Ilikwenda Mlowoka, ikapiga picha na nguzo, ikala mchana. Mwalimu Lupogo alitoa ushahidi kwamba droni ilionekana. Alipoulizwa kama nguzo ilikuwa imeoza, alisema swali hilo halimo kwenye fomu. Yusta alitoa ushahidi pia, mrefu, wenye tarehe zote alizoomba mizani ihame. Tume ilimshukuru, ikaandika kwamba muuguzi alizungumza.

Asnati aliitwa siku ya mwisho. Alikwenda na Tulizo mgongoni, kwa sababu tangu ile Alhamisi hakuweza kumwacha popote.

"Unakiri kwamba uliitazama nguzo kwa karibu kuliko ilivyoruhusiwa?" aliuliza mwenyekiti.

"Nakiri. Ilikuwa imeoza."

"Jibu swali. Nguzo hii ilisimama miaka mingapi?"

"Kumi na tisa."

"Na kwa miaka hiyo kumi na tisa ilikaguliwa mara ngapi?"

"Haikukaguliwa hata mara moja, Mwenyekiti. Ndicho ninachosema!"

"Ndicho tunachosema na sisi," alisema mwenyekiti, akafunga jalada.

Taarifa ilisomwa redioni, siku tatu mfululizo, baada ya taarifa ya habari. Tume ilibaini kwamba nguzo namba 714 ilisimama imara kwa miaka kumi na tisa pasipo kukaguliwa, na kwamba siku ya kwanza kukaguliwa ilianguka. Tume ilijiridhisha kwamba ukaguzi ndio uliosababisha. Ilipendekeza nguzo nyingine elfu mbili zilindwe dhidi ya kutazamwa. Droni ilifungiwa stoo, na dereva wake akaendelea kukaa nayo. Nguzo 714 haikuondolewa uani, kwa kuwa ilikuwa kidhibiti, wala haikuletwa nyingine, kwa kuwa kwenye daftari ilikuwa bado ipo. Chanjo za Mlowoka zikawa zinabebwa kwenye boksi la barafu, kwa baiskeli, kutoka mjini.

Mkurugenzi Kwangaja alipata shahada nyingine. Asnati alipata barua. Hakufukuzwa, la, Shirika lina utu. Alikatazwa tu "kutazama nguzo, waya, kikombe cha kushikia waya, au kitu chochote cha Shirika, kwa jicho, droni, darubini au chombo kingine cha kuonea, akiwa kazini au mapumzikoni." Kazi yake mpya ilikuwa kugonga mihuri kwenye barua zinazoingia.

Alikaa mwezi mzima akigonga. Jioni akirudi alitembea ameinamisha kichwa, na watu walidhani ni aibu.

Lakini tume ilikuwa imesahau kwamba redio husikilizwa. Taarifa ile ilisikika kilomita zote mia mbili na nne, na watu wa njiani waliielewa kwa namna yao. Barua zikaanza kuingia, na kwa kuwa mpokeaji wa barua alikuwa yeye, zilimfikia bila kupotea.

Ya kwanza ilitoka kilomita ya thelathini na mbili: "Dada wa droni, tumesikia ukiitazama nguzo inaanguka. Ya kwetu iko juu ya uwanja wa chekechea. Njoo uitazame Jumamosi, watoto hawapo." Ya pili ilitoka kilomita ya tisini: "Ya kwetu tunaifunga kamba na mgomba. Tunaomba uje uiangushe kwa macho yako, kabla haijachagua siku yake." Kufikia wiki ya tatu zilikuwa mia moja na kumi na saba. Ile ya Ngulwe, kilomita ya mia na kumi na mbili, iliandikwa kwa penseli na mikono mitatu tofauti: "Bombani kwetu, mama. Tunapanga foleni ya ndoo chini yake kuanzia saa kumi na moja alfajiri mpaka jua kali. Tuko wengi na tumebeba watoto. Shirika tulishaliandikia. Sasa tunakuandikia wewe."

Asnati aliigonga muhuri wa IMEPOKELEWA, kama alivyoagizwa. Halafu akaikunja, akaiweka ndani ya kanga.

*

Alifika Ngulwe Jumamosi, saa nne asubuhi, Tulizo mgongoni, na mkobani nyundo ya kilo moja yenye mpini wa kubadilisha. Foleni ilikuwa ndefu, ndoo za kila rangi, na nguzo ilisimama katikati yake kama mmoja wa wachota maji.

"Ndiye huyu?" alinong'ona mmoja. "Mbona mdogo hivi?"

"Haya, mama, itazame," alisema mwenye ndoo ya bluu. "Tumeshasogea."

"Nimekatazwa kutazama," alisema Asnati. "Nina barua."

Foleni nzima iliguna. Mwanamke mmoja wa makamo, aliyekuwa wa saba, alisonya wazi wazi. "Sasa umekuja kufanya nini, kutusalimia?"

Asnati alimpigapiga Tulizo mgongoni kumtuliza, akafumba macho. Akanyoosha mkono mbele hadi ukagusa mti, akatoa nyundo.

"Nyamazeni kidogo," alisema.

Wakanyamaza. Hata bomba lilifungwa. Akagonga nguzo usawa wa bega: ko. Sauti kavu, ya mti mzima. Akagonga usawa wa kiuno: ko. Alipiga goti moja, macho yamefumbwa vile vile, mtoto anachungulia begani. Akagonga chini, karibu na udongo.

Bu.

Akahamia upande wa pili, akagonga tena. Bu. Akaizunguka nguzo yote kwa magoti, na pande zote ikamjibu hivyo hivyo, kwa sauti ya kitu ambacho ndani hakimo.

"Mmesikia?" aliuliza.

"Tumesikia," alijibu wa ndoo ya bluu, polepole.

"Leta, na mimi nigonge," alisema yule wa saba. Akachukua nyundo, akagonga juu, akagonga chini, akasimama ameishika. Usoni hakuwa na dharau tena. "Mungu wangu. Na mimi kila siku namlaza mwanangu hapa."

"Tuandike Shirikani?" aliuliza mwingine kutoka nyuma.

"Andikeni," alisema Asnati. "Nitaipokea mimi mwenyewe, nitaigonga muhuri, na sijui nani ataisoma." Alifumbua macho, akayaelekeza kwenye ndoo. "Lakini foleni ihame kwanza. Ianzie bombani, ielekee kule kwenye ukuta wa shule. Leo."

Hakuna aliyeuliza kibali kiko wapi. Wa kwanza aliinua ndoo yake, wa pili akafuata, mabibi wakasaidiwa, mtoto aliyelala akabebwa bila kuamshwa. Foleni ikapinda, ikavuka njia, ikajinyoosha upya pembeni ya ukuta, na aliyekuwa wa saba akabaki wa saba.